Nusu

Tangu usiku ule Nyando ilipoingia ndani bila hodi,
ikabeba sufuria, godoro na mbuzi wa shangazi,
mimi na Okumbe tulisahau kulala.
Tulihamia Manyatta na macho yetu makavu.
Zahanatini tukapewa pakiti moja, maandishi yaleyale:
kidonge kimoja, usiku.
Tukagawana kama chumvi.

Saa kumi na moja Okumbe yuko macho,
anapiga mluzi, anatafuta soksi.
Mimi bado nimo chini ya maji.
Namsikia muadhini wa Kondele,
nasikia jina langu, Akeyo, Akeyo,
likitua juu kule kama jani.

Kibuye, Januari, sare za shule zimenifika kidevuni.
Mguu unakanyaga cherehani,
kichwa hakijafika kazini.
Sindano ikaingia kidoleni, ikatokea upande wa pili
na uzi wake wa buluu.

Mama mkwe akasema mimba.
Muuza mitumba akasema pombe,
kwa ile sauti ya chini inayosikika hadi barabarani.
Mimi nilisema uvivu. Nilijiambia hivyo mwenyewe.

Vihenda wa duka la dawa akanifunga kidole,
akauliza nameza nini, akaguna.
"Ini la mumeo hufagia dawa hii upesi.
Letu wanawake, mara nyingi, halina haraka,
kumepambazuka na taka bado ziko mlangoni.
Si ugonjwa, Akeyo. Si uzembe.
Walipopima dozi walipima wanaume,
wakadhani wametupima sote.
Anza na nusu. Ijumaa rudi kwa daktari, mwambie."

Sikujibu. Mimi ni fundi.
Miaka kumi na tisa, futi shingoni,
sijawahi kukata gauni la mke
kwa kifua cha mumewe,
kisha nikamlaumu yeye kwa kupwaya.

Usiku nilikikata kwa wembe wa kufumulia mishono.
Hakikukatika sawasawa; nikameza kipande kidogo.
Kingine nikakifunga kwenye kiraka cha sare.
"Siku hizi unabana matumizi?" Okumbe akauliza.
"Napima," nikasema.

Asubuhi nilimsikia akiinua mikeka,
akifungua makopo, akiulaumu panya.
"Ziko chini ya kiti," nikamwambia,
na sauti yangu ilikuwa kavu,
haikutoka majini.