Rangi Mbili

Kabla sijapanda gari, maabara walinionyesha kisahani.
Vipande sita vya karatasi vilivyoloweshwa dawa,
kila kimoja kilipaswa kuzungukwa na uwanja mtupu
kama ardhi kavu inavyolizunguka zizi.
Hakuna uwanja. Vimelea vimeota mpaka ukingoni,
vimelala na dawa kitanda kimoja.
Lebo: mtoto, miezi kumi na tisa, Kibaigwa.

Haya, Kibaigwa.
Vumbi la soko la mahindi, malori foleni hadi barabara kuu.
Nina waraka wa wizara, gundi, muhuri,
fomu namba saba, nakala tatu.

Mama Sechelela hafichi kitu.
Droo anaifungua mwenyewe: karatasi za vidonge
zimekatwa kwa mkasi, viwiliviwili, kama peremende.
"Nipe rangi mbili, mbili tu, ndivyo wanavyoniomba.
Moja jioni, moja alfajiri, nikiuza gunia nitarudi."
Akiuza gunia ameshapona.
Au hajapona, na duka ameshabadili.
Na Chilongani wa kuku huchukua kopo zima,
humimina kwenye maji ya kunywa
kabla hata kuku mmoja hajapiga chafya.

Nabandika waraka. BILA CHETI HAKUNA DAWA.
Anausoma kwa sauti, taratibu,
kiganja kimelala juu ya kaunta, wazi,
naona sugu tatu chini ya vidole, za mpini wa jembe.
Ngozi ikiumizwa kidogo, kila siku kidogo,
haifi. Inajifunza.
Hilo ndilo nililotaka kumwambia.
Nasema: "Faini ni kwa mujibu wa kifungu."

"Sawa," anasema. "Na hicho cheti wakaandikiwe wapi?
Tabibu wa zahanati yuko masomoni tangu masika.
Kabati lake nimeliona Jumatatu:
glavu, na kalenda."

Nje mtu anapima debe, anahesabu kwa Kigogo.

Fomu namba saba ina kisanduku cha jina,
cha leseni, cha kosa, cha sahihi.
Kabati halina pa kukaa.
Naigeuza nakala ya kwanza, mgongoni naandika:
glavu, na kalenda.
Nagonga muhuri.
Kisha nakala ya pili, kisha ya tatu,
neno kwa neno, kwa mkono,
maana upande huu kaboni haifiki.