Siku ya Kumi na Moja

Ami Shaame hakupata kusema "imeiva" hivi hivi.
Alisema: bado. Alisema: bado kidogo.
Yaelekea. Yaelekea sana.
Na kabla ya neno alikwisha kuutazama moto,
alikwisha kuupima mwiko kwa kiwiko, si kwa jicho.

Mimi nilikaa juu ya gunia la wanga na daftari.
Siku kumi na nne, Wete, jiko la nyuma ya duka:
moto mkali, nukta nane. Mwiko mzito, nukta sita.
Neno lake, nukta saba.
Akacheka: "Mize, na nukta yenyewe huiva lini?"

Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na mkono wa kulia,
mkono wenyewe.

Sasa ninayo yaliyoingia, ninayo yaliyotoka.
Kilicho kati sinacho.
Huo ndio mlinganyo: moto na uzito upande huu,
"yaelekea" upande ule,
na katikati herufi moja isiyojulikana,
ami yangu mzima ndani ya herufi.

Kuutegua si kugumu. Naandika kwa tochi ya simu,
umeme umekatika tangu magharibi:
kila njia ina nguvu ya kiungo chake kilegevu;
katika njia zote, ishike iliyo imara.
Ukirudi nyuma kukitafuta kiungo, uliza:
kilichoingia kimelizidi neno?
Hakikulizidi, weka moja kamili, mlango uwe wazi,
hujapewa sababu ya kuufunga.
Kimelizidi, weka neno lenyewe,
kwani hapo neno ndilo lililozuia.
Fanya hivyo siku baada ya siku,
na siku zikibishana, ifuate iliyo bahili.

Upatacho ndicho jawabu kubwa kuliko yote.
Chini yake huenda madogo mengi yamejificha,
kila moja na njia yake ya kusema kweli.
Lakini hilo kubwa likishindwa kurudisha maneno,
usihangaike. Halipo hata moja.

Lilishindwa.

Nikapekua. Siku ya tatu: nane, sita, akasema saba.
Siku ya kumi na moja: nane, sita,
samli ile ile, iliki ile ile,
akasema nne. Bado, akasema. Bado.
Akakoroga hata haluwa ikang'ang'ania sufuria,
tukaikata kwa shoka la kuni, nusura.

Nilitaka kuifuta. Mtu huchoka.
Mwalimu wangu wa Tunguu angeipiga mstari mmoja tu.
Bi Raya akachungulia daftari. Tarakimu hazisomi,
husoma tarehe.
"Hiyo si haluwa ya arusi ya Salha?
Asubuhi yake ndiyo alopanda boti, akenda zake Tanga."

Ami alikuwa kitini karibu na mlango, shuka magotini.
Nikamwonesha ukurasa.
Nikamuuliza kama ile "bado" ilikuwa ya haluwa.
Mkono wa kushoto ukapanda, ukapinduka,
kiganja juu, kiganja chini,
kama mtu aliyetajiwa bei asiyoitaka.

Nimeongeza safu: kuridhia kuachia.
Siku ya tatu, tele. Siku ya kumi na moja,
niliandika mbili, nikafuta, nikaandika nne,
karatasi ikatoboka.
Siku nyingine nazijaza polepole,
nikimuuliza moja moja, nikikisoma kiganja.
Lakini hizo mbili hazigombani tena.
Na tazama: kwa hizo mbili,
moto umebakiwa na nne, mwiko nne,
kilichozidi chote kinapita mlango huu mpya.

Leo nakoroga mimi. Kiwiko changu hakijui kitu,
kinauma tu.
Haluwa inajikunja, inaacha ukingo, inaurudia.
Ami ananitazama, kidole kimoja hewani, hakishuki.
"Imeiva?" auliza Bi Raya.
Yaelekea, nasema.
"Basi toa kuni. Hizo za kununua."