Bomba la Baridi

Huku kwetu Ibra, mwezi wa Mei,
bomba la baridi ndilo linalounguza.
Tangi liko juu ya paa, jua limelikalia kutwa,
na lile la moto, kwa kuwa hita tumeizima,
ndilo lenye maji ya kunawia uso.
Kila mtoto wa hapa analijua hilo.
Nami nalijua. Nililisahau siku ya kulikumbuka.

Swali nililiandika kwa wino wa buluu:
kidonge kilichosagwa humaliza povu upesi kuliko kizima?
Vile vidonge vya vitamini, vya machungwa,
vinavyofoka majini kama mtu aliyekatizwa usemi.

Kizima nilikitia alfajiri, kabla ya basi la shule:
sekunde hamsini na nane.
Kilichosagwa nilikitia adhuhuri, viatu vingali mguuni:
kumi na mbili.
Kumi na mbili!
Nikachora nguzo mbili, moja mnara, moja kibanda,
nikazipaka rangi, nikalala nimeshiba.

Mwalimu Zuwena hakuitazama rangi.
"Maji yalikuwa na joto gani?"
Ya bomba, nikasema.
"Bomba lipi? Saa ngapi?"
Darasa zima likacheka, maana nao wana mapaa.
"Umeshindanisha wakimbiaji wawili,
mmoja ukampa mteremko."

Yeye, kwa Kiarabu, husema jaribio liwe adili.
Jikoni kwetu, kwa Kiswahili cha mama, tunasema haki,
na haki nilidhani ni ya kugawana nyama,
ya nani akae dirishani garini.
Sikujua kuwa hata bilauri ina yake.

Basi nikajaza jagi, nikalilaza chumba chenye kiyoyozi.
Asubuhi: nyuzi ishirini na nne.
Bilauri ile ile. Mililita mia, si mia na kitu.
Kidonge cha mkebe ule ule, nacho kisikorogwe.
Kizima, au unga: hilo tu libadilike,
mengine yote yakae kimya.

Haithamu akashika saa, tukagombana:
povu la mwisho ni lipi?
Kuna kiputo kilichong'ang'ania ukuta wa bilauri
kama mgeni asiyeona kuwa chai imekwisha.
Tukakubaliana: uso wa maji ukitulia, bonyeza.
Na kidole kiwe chake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kizima: sabini na moja, sitini na tisa, sabini na tatu.
Unga: arubaini na nne, arubaini na sita,
thelathini na moja.

Nguzo zangu sasa ni ndugu waliopishana kimo,
hakuna mnara, hakuna kibanda.
Na ile thelathini na moja inanikera.
Haithamu anasema ifute, nani atajua.
Kifutio ninacho mkononi.

Nimeiacha.
Pembeni nimeandika, kwa wino ule wa buluu:
meza ilitikisika. Nitarudia kesho.