Kumi na Nne Nukta Nne

Mwezi wa saba Newala. Baridi inapanda kutoka bonde la Ruvuma,
salfa ya mikorosho imetua juu ya kila kitu kama unga,
nami nimejifungia dukani kwa ndani.
Mezani betri sita:
ya Fuso la Mkwachu,
ya spika za msikiti,
ya Mama Nambole anayechaji simu za watu mnadani,
na tatu zisizo na jina, zina alama ya chaki tu.

Mjomba Likunda alichaji kwa pua.
Alikaa kwenye kigoda, akinusa.
Chumba kikianza kunuka mayai viza, alichomoa.
Mashati yake yote yalikuwa na matundu;
sisi watoto tulidhani ni mende.

Mwaka ule betri ya zahanati
ilikutwa asubuhi imevimba ubavu kama mtoto mwenye bandama,
imechemka hadi sahani za risasi zikaonekana.
Maji yote yamekwenda hewani,
hapa Newala, ambapo ndoo ina bei,
ambapo mvua ya bati hukingwa na kufungiwa kufuli.
Watu walisema alisinzia.
Yeye alisema hakusinzia.
Ililipwa kwa mikorosho kumi na miwili ya mama yangu.
Mama hakusema kitu. Hadi leo akipita pale huhesabu,
mmoja, miwili,
hufika kumi na miwili, huendelea na safari yake.

Kwa hiyo nachora,
nyuma ya stakabadhi ya ghala ya msimu uliopita:
transfoma ya redio iliyokufa,
diodi nne zimeshikana mikono,
zena, inayonyamaza mpaka volti ifike kizingitini,
transista, rilei niliyoing'oa kwenye Corolla iliyoungua,
na poti ndogo ya kugeuzwa kwa bisibisi
mpaka mita iseme kumi na nne nukta nne.
Mantiki yake mtoto angeielewa:
ikijaa, kata.

Ikakata.
Nikapiga kofi moja, peke yangu.
Kabla ya la pili, ikawasha.
Ikakata. Ikawasha. Tak-tak-tak-tak,
rilei inagongana kama meno ya mwenye homa.
Maana betri ukiiachia hushusha pumzi,
kumi na tatu nukta nane, kumi na tatu nukta mbili,
na sakiti yangu, mwenyeji asiyejua "nimeshiba" ya mgeni,
inadhani ni njaa,
inaikimbilia tena na upawa.

Siku tatu nimekaa na kelele hiyo.
Nilibadilisha zena. Nilimlaumu aliyeniuzia zena.
Leo nimeongeza kinzani kimoja, kiloomu mia,
kahawia, nyeusi, njano,
kutoka inakotokea habari kurudi inakoingilia.
Hakina kazi nyingine ila kukumbuka.
Ukishasema basi, kaa na basi yako
hadi kumi na mbili nukta sita.

Saa nane na dakika kumi usiku: tak.
Moja.
Nikaingoja ya pili.
Mbwa wa jirani. Kikohozi cha mtu barabarani.
Ya pili haikuja.
Taa nyekundu imelala, ya kijani imeamka,
na mimi ningeweza kulala,
lakini nina pua ya mjomba, haiamini waya.
Nikainama juu ya betri, nikanusa.

Inanuka.
Nikashika kifuniko: baridi. Mita: imetulia.
Nikanusa ukuta. Nikanusa kiwiko changu.
Nikafungua dirisha, na mji mzima ukaingia,
mikorosho yote hadi Kitangari ikinuka salfa,
kila shamba, kila jani, kila shati kwenye kamba.

Ilikuwa mwezi huu. Betri ya zahanati.
Ilikuwa mwezi wa saba.

Kumekucha. Mkwachu anagonga, anataka betri yake.
Imejaa, namwambia, ila subiri kidogo.
Nasimama dirishani.
Nanusa tena.