Mchaniko

Katika karakana yetu hapa Walukuba
hakuna boksi linalosema kweli.
Lililoandikwa SABUNI limejaa nati na parafujo.
La biskuti lina beringi:
nililifungua nikiwa na miaka sita, mate yakinidondoka,
nikatoka na vidole vyeusi vya grisi,
na baba akacheka hadi akakaa chini.

Ojambo, baba yangu, hakuwahi kununua droo.
Jioni alipita nyuma ya maduka ya mjini Jinja
akarudi anasukuma baiskeli iliyovimba,
maboksi yamekunjwa, yamekazwa kwa mpira wa tairi.
Mama akisimama mlangoni: "Mende hawalipi kodi,
na wewe unawajengea ghorofa."

Alilitandika boksi chini ya pikipiki, likanywa oili.
Alilipigia magoti.
Alikata gasketi kwa mkasi wa mama,
akailowesha, akamwambia mwenye boda:
"Hii itakufikisha Iganga.
Ukifika, rudi unilipe ya kukurudisha."
Vifaranga walikulia ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia.
Mimi na Wabwire tulilala kwenye boksi la televisheni.
Televisheni yenyewe, hatukuwahi kuiona.

Mvua za Aprili zilipotoboa paa
aliokoa maboksi kwanza, godoro baadaye.
Hilo mama hajalisahau.

Risiti hakuwa nazo.
Ukimletea cherehani, alichana kipande cha boksi,
akaandika kwa penseli ya seremala:
siku, bei, kilicholipwa.
Kipande chako, boksi lake.
"Karatasi huigwa," alisema,
"mchaniko hauigiki."

Alituacha Novemba.
Februari nikapatana na mtu wa pikapu:
shilingi mia tatu kwa kilo, achukue yote,
aje saa nne asubuhi.

Saa tatu akaja Bi. Kagoya kutoka Bugembe,
amefungua pindo la leso taratibu
kama anayefungua kidonda.
Ndani, kipande cha katoni, kikubwa kama kiganja.
Amelipa elfu kumi na mbili. Imebaki elfu nane.
Na ncha ya mshale mwekundu, haina mkia.

Sikumwambia kuhusu pikapu.

Tukaanza. Boksi kwa boksi, ukingo kwa ukingo,
yeye upande wa dirisha, mimi kwenye giza la nyuma.
Kila boksi lilikuwa na pengo.
Sikuwahi kuyaona. Nilidhani ni panya.
Pengo la mtu wa redio, pengo la mtu wa jiko,
watu wangapi mji huu wanatembea
na vipande vya ukuta wetu mifukoni?

La kumi na saba, au la kumi na nane.
Kipande kikaingia bila kusukumwa,
nyuzi za karatasi zikashikana kama nywele,
mshale ukapata mkia wake.

Ndani, kichwa cha cherehani
kimeviringishwa karatasi ya mfuko wa saruji,
kimesuguliwa, kinanukia mafuta ya taa.
Sindano mpya imechomekwa ukutani mwa boksi.
Na mwandiko wake, ule wa kulalia kushoto:
*bado springi.*

Bi. Kagoya akaniangalia.
Hakuuliza kama najua. Nami sikusema sijui.
Nilikwenda kwenye boksi la majani ya chai,
ambalo halijawahi kuwa na chai,
nikachagua springi tatu, nikazipima kwa kucha.

Nje pikapu ikapiga honi.
Nikampa yale yaliyoloa, yaliyoanza kuota ukungu.
"Na haya mengine?"
"Haya yana wenyewe," nikasema.

Kisha nikachana kipande kipya, kikanisumbua,
kikaenda mrama,
nikaandika: *Ijumaa.*
Bi. Kagoya akakikagua pande zote mbili
akakifunga kwenye pindo.