Nusu Nukta

Saa kumi na mbili asubuhi, gatini Nyegezi,
kabla sijakiamini kipimo changu
nakichovya katika vichupa vitatu vya bafa:
chekundu ni nne, cha njano saba, cha buluu kumi.
Chombo nacho husahau.
Lazima kikumbushwe kila siku kweli iko wapi.

Kisha nachota. Saba nukta nane.
Usiku kucha samaki, mwani, konokono, tope la chini,
vyote vimepumua hewa ya ukaa,
na maji yameipokea, yamechachuka kidogo,
uchachu ambao ulimi hauujui.

Adhuhuri narudi. Jua limeamsha mwani,
kijani kizito kama mlenda uliomwagika,
nao umeula ukaa wote, haukubakiza.
Tisa nukta tatu.
Gati lile lile, ndoo ile ile.

Nukta moja na nusu ndani ya saa sita,
na kila nukta ni mara kumi,
na ziwa halisemi kitu. Limezoea kuyumba.
Akiba yake ya magadi ni ndogo,
kama ya mtu anayemaliza mshahara tarehe tatu.

Damu siyo ziwa.

Hili nililisoma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu,
nikalisahau, mpaka Jumatano ile
dada yangu Nkwimba aliponipigia kutoka Bugarika:
"Minza anahema kama aliyekimbizwa,
na tangu asubuhi hajatoka kitandani."

Nikaparamia mawe, njia ya mkato, viatu mkononi.
Jirani alikwisha kusema ni kifua.
Mwingine, kwa sauti ya chini, alisema ni jicho la mtu.
Mtoto alivuta pumzi ndefu, nzito, zilizopangana,
kama anayepuliza moto tusiouona.
Nikainama. Kinywa chake kilinukia
mapera yaliyoiva kupita kiasi,
na nyumba ile haikuwa na pera hata moja.

Sukari imefurika damuni, seli zinakufa njaa,
mwili umeanza kuchoma mafuta yake wenyewe
na moshi wa moto huo ni asidi.
Bikaboneti inajitoa, chembe kwa chembe,
inaimeza, inageuka maji na ukaa,
na mapafu yanautupa ukaa nje,
nje, nje,
na akiba inapungua.
Msichana wa miaka tisa, kugawanya bado kunamliza,
alikuwa akiifanya kemia ya kidato cha sita kwa mbavu.

Daktari wa zamu alinipa karatasi:
sita nukta tisa.
Nusu nukta tu chini ya mahali damu inapokaa.
Ziwani tofauti hiyo ningeiandika,
ningefunga daftari, ningekwenda kunywa chai.
Nkwimba akaniuliza, "Ni mbaya?"
Nikatafuta mfano. Sikuupata.

Dripu ya chumvi. Insulini, tone, tone.
Kuelekea alfajiri pumzi zikapungua
na mimi nikashikwa na baridi,
maana pumzi hupungua kwa sababu mbili.
Wakatoa damu tena. Tukangoja.
Saba nukta mbili.
Ilikuwa ile sababu nyingine.

Jumapili Nkwimba alichemsha maharage,
akadondosha chembe ya magadi, sufuria ikatoa povu.
Minza, sindano yake ikiwa kwenye kikebe cha biskuti,
akachungulia: "Mama mdogo,
hayo ndiyo yaliyoniishia?"
Nikamwambia ni ndugu yake, wa baba mmoja.
"Na ziwa nalo, usiku, linahema?"
Nikasema ndiyo, bila kufikiri,
kisha nikafikiri, ikawa bado ndiyo.

Leo gatini: chekundu, njano, buluu.
Saba nukta nane.
Safu ya mwisho ya daftari imeandikwa MAONI.
Miaka kumi na moja nimeiwekea kistari.
Leo nimeandika: anakula.
Msimamizi atauliza nani.