Herufi Ndogo

Saa tisa za usiku, Hull. Kinachoanguka nje
hakijaamua kuwa theluji au mvua.
Tausi analia begani tangu saa sita,
nami kwa mkono mmoja nimetandaza mashahidi
juu ya meza ya jikoni.

Kijitabu cha kwanza kinang'aa kama sahani ya harusi.
Mtoto wa jaladani anacheka, hana hata kamasi.
*Akikesha*, chasema, *ni njaa. Huenda maziwa yako hayamtoshi.*
Hilo "huenda" limenikaa kifuani siku tatu.
Leo nimekipindua. Chini kabisa, herufi kama mayai ya chawa:
*kwa hisani ya*, kisha jina lilelile
la kopo la pauni kumi na mbili dukani kwa Bwana Hardcastle.
Aha. Aliyelipia wino ndiye aliyeiona njaa.

Kitabu cha daktari, cha mitumba, pensi hamsini.
*Mwache alie. Usimdekeze. Atazoea.*
Sauti ya mtu aliyelala vizuri.
Nikarudi nyuma, kwenye ukurasa wa kutabaruku:
*Kwa mke wangu, aliyelea wanetu wanne
nikiwa kazini.*
Nikacheka peke yangu, hadi Tausi akanyamaza kusikiliza,
kisha akakumbuka kazi yake.

Mama, kwenye simu kutoka Tanga: *Ni baridi hiyo. Mlete nyumbani.*
Mama hajawahi kumshika mjukuu wake.
Naye ana herufi zake ndogo.
Nazisoma, nanyamaza.

Nesi Gillian alipokuja Jumanne nilimuuliza: umejuaje?
Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka.
"Hili limepimwa kwa watoto wengi. Hili ni langu tu,
la mapacha wangu. Na hilo la mwisho, mpenzi, sijui."
Kwa lile *sijui* nilimwongezea biskuti,
na yale mengine nikayaandika kwa kalamu, si kwa penseli.

Lakini mimi je, nani ananipima?
Saa kumi kasorobo niko tayari kuamini chochote
kitakachonirudisha kitandani.
Nanawa. Napitisha kidole ufizi wa chini:
kitu kigumu, kama punje ya chenga.
Jino.
Au kidole kinachotaka liwe jino.

Nawasha taa kubwa.
Fungua tena, mwanangu. Tuone.